Sindano, tansio, usingizi au chupa ya kijani: kipi kinasafisha ubongo wa mzee?

Jumanne moja jioni, ndugu wawili waliingia kwenye farmasi ninapofanya kazi, hapa Katuba, mjini Lubumbashi. Umeme ulikuwa umeenda tangu saa nane, tukaongea kwa mwanga wa simu. Kaka mtu akaweka juu ya kontwari ujumbe mrefu wa mdogo wao aliye Ubelgiji: kuna sindano mpya za Alzheimer, aina moja ya ugonjwa wa kusahau, zinatoa uchafu kwenye ubongo, familia ianze kuchanga. Dada mtu akaweka pembeni chupa ya nusu lita yenye maji ya kijani, kizibo kimefungwa kwa nailoni, aliyoinunua sokoni kwa ahadi hiyohiyo. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akatoa mkobani kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Tansio, yaani shinikizo la damu, ya mama yao: 178 kwa 96.

"Weye uko muntu ya dawa," akaniambia. "Mu hizi zote, ni gani njo inasafishaka bongo?"

Mama yao namfahamu. Ana miaka 71, na kwa zaidi ya miaka thelathini aliuza bunga (unga) katika soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, bila kukosea hesabu. Sasa anamrudishia mteja mmoja chenji mara mbili. Mwezi uliopita aliacha mbabula, jiko la makaa, ikiwaka ndani ya nyumba, sombe (majani ya muhogo) ikakaukia chunguni mpaka ikawa makaa. Watoto walikuwa wamechanga dola mia chache, na hawakuja kwangu kusoma sayansi. Walitaka kujua pesa iende wapi.

Niliwajibu kwa kifupi kwa sababu kulikuwa na watu nyuma yao. Jibu refu ni hili.

Uchafu wenyewe

Hakuna sumu iliyomwingia mama kutoka nje. Uchafu unaosemwa ni beta-amiloidi, kipande kidogo kinachokatwa kutoka protini kubwa iliyo kwenye utando wa seli za neva, na kila mtu anakitengeneza, hata mtoto wa shule ya msingi. Protini ya pili, tau, inakaa ndani ya seli, ambako kazi yake halali ni kuimarisha vijia vya kusafirishia mizigo. Ikiharibika inajisokota. Daktari Alois Alzheimer aliyaona haya mwaka 1906 kwa hadubini, katika ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter baada ya mama huyo kufariki: mabaka nje ya seli, nyuzi zilizosokotana ndani yake.

Jambo la kushika ni hesabu ya kuingia na kutoka. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walipima kwa watu wenye afya kasi ya beta-amiloidi kutengenezwa na kuondolewa. Kila saa, iliyotengenezwa upya ilikuwa kama asilimia 7.6 ya ile iliyopo, na iliyoondolewa kama asilimia 8.3. Miaka minne baadaye timu hiyo ikalinganisha kundi dogo la wagonjwa wa Alzheimer na wazee wazima. Wagonjwa hawakuwa wakitengeneza zaidi ya wenzao. Walikuwa wakiondoa polepole zaidi, kwa tofauti ya karibu asilimia 30.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa sana hapo. Januari mvua inanyesha sawasawa kwenye avenyu mbili zinazofuatana. Ile ambayo kanivo yake, mfereji wa maji wa kando ya barabara, imejaa mchanga na mifuko ndiyo maji yanaingia chumbani. (Zipo familia ambazo mvua yenyewe imezidi, kwa mabadiliko ya jeni ya kurithi, na watu wenye ulemavu wa Down, ambao wana nakala ya ziada ya kromosomu inayobeba jeni ya ile protini kubwa. Kwa wazee wengi sivyo ilivyo.)

Kwa hiyo kila kitu kilichowekwa kwenye kontwari yangu nilikiuliza swali moja tu: kinagusa njia gani ya kutolea?

Njia tatu

Nyumbani takataka zina njia tatu. Unazichoma uani, unampa mwenye mkokoteni, au unangoja mvua izipeleke. Ubongo nao una zote tatu.

Wachomaji ni vimeng'enya vinavyokatakata beta-amiloidi palepale ilipo, kama neprilisini, pamoja na mikroglia, seli za ulinzi zinazomeza. Kimeng'enya kingine kati ya hivyo ndicho kinachovunja insulini, na mpaka leo watafiti wanajadili kama wingi wa insulini kwa watu wenye ugonjwa wa sukari unakishughulisha mpaka amiloidi inabaki bila wa kuikata.

Mkokoteni ni ukuta wa mishipa midogo ya damu. Hapo kuna protini iitwayo LRP1 inayobeba beta-amiloidi kutoka ubongoni na kuiingiza kwenye damu, kisha ini na figo zinamalizia kazi. Ukuta ukichakaa, mkokoteni unakwama.

Mvua ni yale maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Mtu mzima ana mililita kama 150 tu kwa wakati mmoja, lakini mwili unatengeneza karibu nusu lita kwa siku, yaani yanabadilishwa mara tatu au zaidi. Sehemu yake inapenya kandokando ya mishipa ya damu, inachanganyika na maji yaliyo kati ya seli, na kutoka na uchafu. Mwaka 2012 timu ya Maiken Nedergaard huko Rochester, Marekani, iliupa mpango huo jina la mfumo wa glimfatiki. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kwa panya kwamba kwenye tando zinazofunika ubongo kuna mishipa halisi ya limfu, kitu ambacho vitabu vya wanafunzi vilikuwa vikikikana.

Tau ina shida yake peke yake. Kwa kuwa iko ndani ya seli, husafishwa kwanza na seli yenyewe, kwa mitambo yake ya kujisaga na kutumia tena mabaki. Kazi ya Yoshinori Ohsumi juu ya mitambo hiyo ilipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2016. Dawa iliyokubaliwa ya kuondoa tau haipo, kwa hiyo akija mtu kukuuzia moja, mfungie mlango.

Sindano: ni za kweli, na ndiyo shida yenyewe

Ndugu aliye Ubelgiji hakudanganya. Lecanemab ilipewa kibali kamili Marekani Julai 2023, donanemab ikafuata Julai 2024. (Ya kwanza kabisa, aducanumab, ilipita mwaka 2021 kwa mabishano makubwa, na mwaka 2024 mwenye nayo akaiacha.) Zote mbili ni kingamwili. Hazifungui njia mpya. Zinashika amiloidi na kuiwekea alama ili mikroglia ziimeze. Kwa lugha ya uani kwetu, zinawaita wachomaji na kuwaonyesha kwa kidole.

Na wanachoma kweli: kwenye picha za PET mabaka yanapungua. Mzee mwenyewe anapata nini? Jaribio la lecanemab lilichukua watu 1,795 waliokuwa mwanzoni kabisa mwa ugonjwa. Baada ya miezi 18, waliopata dawa walikuwa wameshuka kwa kasi ndogo kwa asilimia 27. Asilimia 27 inasikika vizuri kwenye ujumbe wa simu. Ukiigeuza kuwa alama, ni tofauti ya 0.45 kwenye kipimo cha alama 18. Makundi yote mawili yalishuka, la waliopata dawa na la wasioipata. Hakuna aliyerudi sokoni kuuza bunga.

Donanemab ilipunguza kasi kwa kama asilimia 35 kwa wale ambao tau yao ilikuwa bado haijasambaa sana, na 22 ukichanganya washiriki wote. Kipimo kilikuwa kingine, kwa hiyo usiseme 35 inaishinda 27.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu, tofauti ya maana iko kwenye ratiba na kwenye hatari. Lecanemab huingizwa kwa dripu kila wiki mbili, na ndivyo ilivyoendelea miezi yote 18 ya jaribio. Donanemab ni mara moja kwa mwezi, na inaweza kusimamishwa picha ikionyesha mabaka yamekwisha. Kwa familia inayosafiri mbali, hilo la pili ni jepesi zaidi. Lakini uvimbe wa ubongo unaoonekana kwenye MRI, picha ya ndani ya kichwa, ulitokea kwa karibu mtu mmoja kati ya wanane kwa lecanemab, na karibu mmoja kati ya wanne kwa donanemab. Wengi hawakuhisi kitu. Wachache waliumwa sana, na katika jaribio la donanemab vifo vitatu vilihusishwa na madhara hayo.

Sababu inarudi kwenye mkokoteni. Amiloidi haikai kwenye mabaka tu, iko pia ndani ya kuta za mishipa ya damu. Ukiikwangua kwa nguvu, ukuta uliokuwa umeshikana nayo unavuja. Aliyewahi kuona vijana wakichimbua kanivo la zamani kwa sururu anajua kinachotokea kwa matofali ya pembeni. Ndiyo maana wagonjwa wanafanyiwa MRI kabla ya kuanza na tena mara kadhaa katika miezi ya mwanzo. Na ndiyo maana kile kikaratasi cha 178 kwa 96 kilinitisha zaidi nilipokiona kando ya ujumbe wa Ubelgiji: damu inayosukuma namna hiyo, na dawa inayoweza kuvujisha mishipa ya ubongo, usivilaze kitanda kimoja.

Bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka kwa lecanemab, na kama 32,000 kwa miezi 12 ya donanemab. Hiyo ni dawa peke yake, bila PET, bila MRI, bila tiketi ya ndege. Uingereza iliiruhusu lecanemab Agosti 2024, lakini chombo kinachoamua matumizi ya hospitali za serikali kikakataa kuilipia, kwa hoja kwamba faida ni ndogo mno kwa gharama hiyo. Kama Uingereza imekaa chini ikahesabu na kusita, watoto wa muuza bunga wa Katuba wana haki ya kusita bila kuonekana hawampendi mama yao.

Kuna jambo moja linanisumbua ambalo ujumbe wa namna ile hausemi. Katika jaribio la lecanemab, watu weusi walikuwa chini ya asilimia 3. Na kuhusu ugonjwa huu, Afrika imeshawashangaza watafiti. Utafiti uliowafuata wazee wa Ibadan, Nijeria, na wazee weusi wa Indianapolis, Marekani, ulichapishwa mwaka 2001: kwa mwaka, asilimia 1.35 ya wa Ibadan walipata ugonjwa wa kusahau, na asilimia 3.24 ya wa Indianapolis. Jeni ya APOE4, ambayo kwingineko huongeza hatari sana na inahusishwa na kudhoofika kwa njia hizi za kutolea amiloidi, haikuwa na uzito huo Ibadan. Jeni hiyohiyo ndiyo inayoongeza hatari ya uvimbe kwa wanaodungwa. Yaani namba tunazotumiwa za faida na za madhara zimepimwa kwa watu wengine.

Kwa nani basi ningesema nenda? Mwenye uwezo wa kweli, si wa kuuza kiwanja. Mgonjwa awe mwanzoni kabisa, bado anajiosha na kujua siku, tansio yake imetulia, hatumii dawa za kuzuia damu kuganda, na yuko tayari kukaa mwaka mzima karibu na hospitali yenye mashine. Kabla ya kununua tiketi, uliza hapa mjini: akirudi na kichwa kimuume usiku wa manane, nani atampiga MRI, na nani ataisoma? Ukipata jibu la "tutaona", umeshajibiwa.

Tansio: kikaratasi kilichokunjwa mara nne

Hapa ndipo nilipotaka wale ndugu wakae muda mrefu, na ndipo walipotaka kupita haraka. Tansio haina mvuto. Kila mtu ana shangazi mwenye tansio.

Lakini angalia njia. Yale maji ya ubongo hayana pampu yao wenyewe. Yanasukumwa kwa sehemu kubwa na mapigo ya mishipa ya damu: mshipa unatanuka na kunywea, na maji yaliyo kandokando yake yanasogea. Mwaka 2018 timu ya Rochester ilionyesha kwa panya kwamba tansio ikipanda, ukuta wa mshipa unabadili namna unavyopiga, na maji yanasukumwa vibaya, mengine yakirudi nyuma. Mishipa hiyohiyo ndiyo yenye ukuta unaobeba beta-amiloidi kwenda kwenye damu. Tansio isiyotibiwa inaharibu njia mbili kati ya tatu kwa mpigo mmoja, mbali na viharusi vidogovidogo ambavyo vyenyewe vinaleta usahaulifu bila amiloidi yoyote.

Kwa watu, ushahidi mkubwa ni wa jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2019, lenye washiriki zaidi ya 9,300. Walioshushiwa ile namba ya juu ya tansio mpaka chini ya 120, wakilinganishwa na walioachwa chini ya 140, walipata ule udhaifu wa mwanzo wa kumbukumbu kwa kiwango pungufu kwa asilimia 19. Kwa ugonjwa kamili wa kusahau tofauti ilikuwa 17, lakini haikutosha kuthibitishwa, kwa kuwa jaribio lilisimamishwa mapema. Matokeo hayo yanahesabu usahaulifu, si amiloidi. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba vidonge vya tansio "vinasafisha ubongo". Ninachosema ni kwamba vinalinda njia ambazo ubongo unajisafishia.

Linganisha na sindano kwa haki: hii nayo haimrudishi mama alikokuwa. Ila haimngoji mtu awe mgonjwa, mashine ya kupimia iko karibu kila kona, na kidonge kama amlodipine, kwa bei tunayouza sisi, dozi ya mwezi haifiki bei ya kuku mmoja. Madhara yake tunayajua: miguu kuvimba, kizunguzungu, kuanguka ikiwa mzee ameshushwa haraka mno. Daktari achague dawa na kasi. Kosa ninaloliona kila wiki ni mzee anayemeza siku kichwa kinapouma, kikipoa anaacha. Tansio ya kutibiwa Jumatatu na Alhamisi haijatibiwa.

Usingizi, na vidonge vya kulazimisha usingizi

Mwaka 2013 watu wa Rochester walitangaza kwamba panya akilala, nafasi kati ya seli za ubongo wake inapanuka kwa asilimia 60, na beta-amiloidi inaondolewa kwa kasi mara mbili. Habari ilizunguka dunia nzima: usingizi ni zamu ya wafagiaji. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London wakapima kwa njia nyingine, pia kwa panya, wakakuta kinyume, yaani usafishaji ulipungua panya alipolala au alipopigwa dawa ya usingizi. Mabishano hayajaisha. Nakutajia ili usije ukauziwa "siri ya usingizi" kama neno la mwisho. Na ule ujumbe wa kwamba lazima ulale ubavu fulani unatokana na panya waliokuwa wamepigwa dawa ya usingizi. Mwache mama alale anavyopenda.

Kwa binadamu tunacho hiki. Watu 20 walionyimwa usingizi usiku mmoja walionekana kwenye picha, mwaka 2018, na beta-amiloidi iliyozidi kwa kama asilimia 5. Na watumishi wa serikali wa Uingereza karibu 8,000, waliofuatwa miaka 25: waliokuwa wakilala saa sita au pungufu walipokuwa na miaka 50 na 60 walipata ugonjwa wa kusahau kwa kiwango cha juu kwa kama asilimia 30 kuliko waliolala saa saba. Hilo halithibitishi kwamba usingizi mfupi ndio uliosababisha. Ila ukiweka bei sifuri upande mmoja na hiyo upande wa pili, sioni cha kufikiria sana.

Ugumu wa kweli uko mtaani kwetu. Nganda (baa) ya jirani haifungi, umeme unarudi saa saba za usiku na watu wanaamka kupiga pasi na kuchaji simu, kuna matanga, kuna kesha za maombi Jumatano na Ijumaa. Sisemi mzee aache kuomba. Nasema mama wa miaka 71 anaweza kuomba mpaka saa tatu na vijana wakabaki. Mzee anayekoroma kisha akakata pumzi na kushtuka, huyo aonwe na daktari, kwa sababu usingizi wake umekatika vipandevipande hata kama yuko kitandani kwa muda wa saa tisa.

Halafu kuna njia ya mkato ambayo tunaulizwa kila jioni: "Nipe kidonge kimoja cha kulala." Diazepam. Usingizi wa kidonge si lazima uwe usingizi uleule. Januari 2025 timu ya Nedergaard ilionyesha kwa panya kwamba zolpidem, dawa ya usingizi inayotumiwa sana, iliwalaza haraka lakini ikapunguza mawimbi yanayosukuma maji ya ubongo. Ni panya tena, najua. Lakini kwa wazee hatuhitaji panya: vidonge vya jamii hii vinawaangusha, na asubuhi vinawavuruga akili zaidi. Promethazine wanayopewa "wapoe" usiku nayo inavuruga kumbukumbu. Kati ya usingizi mbovu wa kawaida na usingizi mzito wa diazepam kila siku, kwa mama anayeanza kusahau, mimi nachukua ule mbovu na kuutengeneza: chai na kahawa ziishie mchana, jua la asubuhi uani, kulala mchana kusizidi nusu saa.

Chupa ya kijani

Nilifungua nailoni, nikanusa. Majani yaliyopondwa, na kitu kichungu sana. Dada alisema muuzaji alimwambia akitumia wiki mbili "uchafu utatoka". Na kweli utatoka: mama ataharisha. Ila utumbo na ubongo havina bomba la pamoja. Vitu vingi tunavyomeza havipiti ukuta ulio kati ya damu na ubongo, na ndiyo sababu kutengeneza dawa ya ubongo ni kazi ngumu hata kwa wenye maabara za mabilioni.

Simdharau anayetibu kwa majani, kambo yangu mwenyewe, mzazi wa mzazi wangu, alinilea kwayo. Ila majani nayo yanaweza kupimwa kwa haki. Ginkgo, mti wa Asia unaouzwa dunia nzima kwa ajili ya kumbukumbu, ulijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, na matokeo yakatoka mwaka 2008: haukuzuia ugonjwa wa kusahau. Manjano, ambayo kila mtu anayasifu, yalipojaribiwa kwa wagonjwa wachache wa Alzheimer hayakuonyesha faida, kwa sehemu kwa kuwa kiini chake hakifyonzwi vizuri mwilini. Hizo ni dawa za majani zilizosimama mbele ya mizani. Chupa ya kijani haina hata jina la mti. Kwa mzee mwenye tansio, kuharisha wiki mbili kunakausha mwili na kuumiza figo, ambazo nazo ni sehemu ya njia ya kutolea.

Daktari akimwandikia donepezil, dawa iliyopo tangu mwaka 1996, mjue tu kwamba haisafishi chochote. Inaongeza kemikali moja inayopelekeana habari kati ya seli, na wengine wanachangamka kidogo kwa muda. Ni ya halali kwa kazi yake.

Kabla ya kuchagua lolote

Hakuna hata mmoja aliyekuwa amethibitisha kwamba mama ana Alzheimer. Kusahau kwa mzee kunaweza kutoka kwa tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU, huzuni nzito baada ya msiba, au damu iliyokusanyika kichwani baada ya kuanguka bafuni wiki kadhaa nyuma. Yote haya yana tiba yake, na mengi yanapimwa kwa damu. Nawaambia watu waanzie kwa daktari wa hospitali ya Sendwe au wa kliniki za chuo kikuu, wabebe na dawa zote za nyumbani ndani ya mfuko mmoja. Mapema, kabla jirani hajamwona mama akizunguka usiku akaanza kunong'ona kwamba ni mulozi, yaani mchawi. Kwa hilo hakuna kipimo.

Kwa wale ndugu, basi, niligawa pesa hivi. Sehemu ya kwanza, vipimo. Ya pili, tansio, na mashine ndogo ya kupimia ibaki nyumbani. Ya tatu, mtu wa kukaa na mama mchana, maana mbabula ile ingeua watu wote nyumbani kabla amiloidi haijamaliza kazi yake. Vipimo vikirudi na jibu la Alzheimer ya mwanzo na tansio ikiwa imetulia, hapo ndipo wampigie mdogo wao wa Ubelgiji wazungumze sindano, wakiwa na karatasi mkononi. Kama mama angekuwa ameshapoteza majina ya watoto, sindano ningeifuta kabisa kwenye orodha: haikujaribiwa kwa watu walio katika hatua hiyo. Na kwa wale ndugu wenyewe, mmoja ana miaka hamsini na kitu, niliwapima pale pale. Kaka alikuwa na 152 kwa 94. Hakufurahi.

Wiki tatu baadaye dada alirudi. Tansio ya mama 146 kwa 84, majibu ya damu yanaonyesha upungufu wa B12, sindano za vitamini zimeanza, na daktari amesema wangoje miezi kadhaa kabla ya kumpa ugonjwa jina lolote. Alitaka kujua kama amlodipine ni ya asubuhi au ya jioni. Nikamwambia saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku. Vidonge sasa anavitunza yeye mwenyewe, mkobani, kwa sababu siku ya nne mama alivimeza mara mbili.